Bomba la Kwenda Banda la Kuku

Buhongwa, Mwanza
6 Aprili 2025

Mjomba Gidion mpendwa,

Shikamoo. Naandikia juu ya mfuko wa saruji, kwa hiyo ukikuta vumbi kwenye karatasi ujue limetoka kwenye nyumba yangu. Sisi wote wazima. Shigela anakusalimu kwa heshima zote. Tangu upokee mahari yangu, mume wangu bado anashusha sauti akikutaja, utadhani umekaa chumba cha pili unasikiliza. Watoto wanakula vizuri na viatu vinawabana kila muhula.

Najua simu uliikataa. Masikio uliyaacha kwenye jenereta za kiwanda cha samaki, na ujumbe wa maandishi ulisema herufi zake ni kama wadudu wa ziwa, usipozisoma haraka zinaruka. Basi nimerudi kwenye kalamu, na Nestory, kondakta wa basi la Kahunda, amekubali kutubebea.

Nyumba imefika lenta, juu ya milango na madirisha. Jioni nikitoka kazini napita kuitazama kabla sijarudi tulikopanga. Haina paa, kwa hiyo mawingu yanapita sebuleni na kuingia jikoni bila kubisha hodi. Nakaa kwenye tofali nisifanye lolote, na siku inaondoka polepole mpaka Shigela anapiga simu kuuliza kama nimehamia huko peke yangu.

Sasa nina swali la ufundi, na fundi ninayemwamini ni wewe. Fundi wetu wa umeme, Chenge, anataka kuanza kutindua kuta ili apitishe mabomba ya waya kabla ya lipu. Anasema milimita ishirini inatosha nyumba nzima. Dukani wameniambia ishirini na tano, jirani anasema thelathini na mbili, na kila mmoja anasema kwa uhakika wa mchungaji. Nichague lipi?

Halafu kuna bomba moja litapita chini ya ua, kutoka nyumba kubwa kwenda banda la kuku. Tumelijenga nyuma, lina paa lake na mlango wake. Tumeliwekea dirisha upande wa machweo ili kuku wapate hewa. Bomba hilo nalo liwe saizi gani?

Nestory alisema alikuona njiani umekaa chini, umeshika ukuta wa ghala. Alisema hukutaka kuinuliwa. Ni kweli?

Mwanao uliyemlea,
Dorcas Akinyi


Mwaloni, Kahunda
27 Aprili 2025

Mwanangu Akinyi,

Marahaba. Barua yako nimeipata na vumbi lake. Mwambie Shigela nimepokea salamu, na aongeze sauti, maana akishusha ndiyo kabisa sisikii.

Mimi mzima. Mvua imenyesha vizuri na majani yameota mpaka mlangoni. Kaburi la Mama Agutu nalipalilia mwenyewe kila Jumamosi, kisha nakaa pale na chai yangu namweleza mke wangu habari za wiki. Nimemwambia umefika lenta. Nimemwambia hata kuhusu mawingu ya jikoni, maana yeye alipenda mambo ya namna hiyo.

Yule Nestory aangalie tiketi zake. Nilikuwa nimekaa natazama ziwa.

Sasa mabomba. Bomba halichaguliwi kwa kulitazama dukani. Linachaguliwa kwa kujua nini kitapita ndani yake. Kwanza taja vitu vyote vitakavyotumia umeme, kutoka hapo utajua waya, na ukishajua waya ndipo utajua bomba. Watu wengi wanaanza mwisho, wananunua bomba halafu wanalisukumia waya kwa nguvu na sabuni.

Taa zinatumia waya mwembamba, wa moja na nusu, na ishirini inatosha vizuri. Chenge hajakosea hapo. Soketi ni waya wa mbili na nusu, na pale waya za njia mbili zinapopita pamoja chukua ishirini na tano. Kutoka kwenye mita kwenda boksi kuu weka thelathini na mbili wala usibishane na mtu. Waya zote zikishaingia, bomba lisijae hata nusu. Zikibanana zinapashana joto kama watu wanne kwenye kitanda kimoja, ganda linalainika, na siku moja ukuta unaanza kunuka.

Kona Chenge asizikate kwa msumeno. Alikunje bomba taratibu na springi ndani yake ili lisibonyee. Na yakishasimama ukutani zibeni midomo kwa karatasi, la sivyo nyigu wa udongo watahamia kabla yenu.

La kwenda banda la kuku, ikiwa ni taa moja tu ya vifaranga, ishirini inatosha. Lichimbiwe chini, liwekewe mchanga na matofali juu.

Juzi baada ya chakula cha mchana nilisinzia kwenye kiti nikaota nyumba yako haina kuta. Mabomba tu yamesimama, na ndani yake yanapita maji ya ziwa mahali pa umeme. Nikaweka sikio nikayasikia yakipanda. Katika ndoto nasikia vizuri sana, hata kijiko kikigusa kikombe nakisikia. Nilipoamka nilibaki nimefumba macho, nisije nikaharibu.

Swali langu ni hili. Kuku gani hao wanaopenda machweo?

Mjomba wako,
Gidion


Buhongwa
18 Mei 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku mvua zimekatika na vumbi la barabara ya Shinyanga limerudi kazini. Watoto walikuwa na mafua, yamepita. Shigela amejaribu kuongeza sauti akikutaja, lakini alikohoa akaacha.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Chenge. Hakukasirika. Alisema mzee anajua, akachukua penseli tukazunguka chumba kwa chumba tukitaja vitu: pasi, jokofu, birika, feni, televisheni ambayo bado hatuna. Ilikuwa furaha ya ajabu. Tulikuwa tunatembea kati ya kuta tupu, na nilipotaja birika nikaliona linatoa mvuke kwenye dirisha la jikoni. Shigela alitaja redio akasimama pale itakapokaa, kichwa ameinamisha, kama anasikiliza taarifa ya habari. Chenge aliandika tu.

Sasa mabomba yamesimama, ishirini ya taa na ishirini na tano ya soketi. Upepo wa ziwa ukija jioni unapuliza midomo yake na nyumba nzima inaguna. Sikutaka kuziba mapema, nikaacha siku chache nisikilize. Nyigu walianza kupiga chabo, nikaziba.

La kwenda banda la kuku tumelaza ishirini, kama ulivyosema. Tumefukia, na juu yake Shigela amemwaga zege la ua. Limekauka vizuri, watoto wanalichezea.

Nina swali dogo. Kitanda kikiwa chini ya dirisha, soketi iwekwe juu kiasi gani ili mtu asiiname? Nauliza kwa sababu huenda mtu akataka kulala humo kuwalinda kuku. Na swichi ya taa, akiwa na mguu unaomsumbua, iwe mlangoni au karibu na mto?

Mama Agutu msalimie. Mwambie niliota ananisuka nywele, na mikono yake ilikuwa na baridi nzuri, kama alivyokuwa akitoka kuosha samaki.

Mwanao,
Akinyi


Kahunda
29 Juni 2025

Akinyi,

Salamu zako nimezipata. Barua ilichelewa, Nestory alikuwa likizo na mwenzake akaiacha kwenye basi. Mimi mzima. Samaki ni wachache, dagaa wapo. Salamu za Mama Agutu nimezifikisha.

Nilipoisoma barua yako sikujibu siku hiyo. Nilitoka nikatembea ufukweni mpaka hasira ikapungua, kisha nikarudi, ikarudi nayo.

Kuku hawalali kitandani. Kuku hawana mguu unaowasumbua. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo ukiwa na haya, kwa kukusamehe upesi kila ulipovunja kikombe, kwa hiyo nakujua. Hilo banda ni langu. Umenijengea nyumba, ukaniuliza mimi mwenyewe saizi ya bomba lake, na hukuniambia.

Umefikiria hata mila. Unajua siwezi kulala chini ya paa moja na mkwe wangu, ukaniwekea paa la peke yake na mlango wa peke yake. Umefikiri vizuri, na ndiyo maana nimekasirika zaidi. Ungefanya vibaya ningepata sababu ya kukataa bila kuumia.

Nakataa. Mama Agutu amelala hapa. Nikiondoka nani atampalilia? Nani atakaa naye Jumamosi? Watu wa hapa ni wema, lakini hawajui alichopenda kusikia. Hakuwahi kulala peke yake katika maisha yake, unakumbuka, hata nikiwa zamu ya usiku ilibidi ulale naye wewe.

Na sasa nakujibu la ufundi. Taa moja ya vifaranga, ishirini inatosha. Nyumba ya mtu mzima, mwenye feni, birika, pasi, redio na jiko dogo la umeme akichoka na mkaa, hiyo ni njia yake kamili yenye waya mnene. Ishirini haitoshi. Weka thelathini na mbili, kwa sababu mtu hukaa na mahitaji yake huongezeka.

Lakini mmeshamwaga zege, na banda ni la kuku. Basi liacheni hivyo. Msivunje kitu kizuri kwa ajili yangu. Nunueni kuku.

Mjomba


Buhongwa
10 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nilikaa na barua yako muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, nisamehe. Watoto wapo shuleni. Nyumba imeezekwa, mawingu hayaingii tena, na kusema kweli nayakumbuka.

Barua yako niliificha. Nilitaka kusubiri mpaka nipate maneno ya kukubembeleza, na sikuyapata. Kisha Shigela akaniuliza kwa nini siku hizi nakaa kwenye ua natazama zege. Nikampa asome. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akaikunja akanirudishia. Unamjua, maneno kwake hutoka kama mbegu ya embe kwenye koo.

Jumapili, baada ya ibada, nilikuwa napika nikasikia mlio. Nilitoka nikamkuta amevua shati la kanisani, anavunja zege lake mwenyewe kwa nyundo na tindo. Lile alilolilainisha kwa mikono akiwa amepiga magoti, akiangalia maji yasituame. Nikamwambia, Baba watoto, mjomba amekataa. Akasema, "Amekataa kuja. Hajakataa bomba. Ameandika thelathini na mbili."

Jirani alichungulia ukutani akauliza tumepoteza nini. Shigela akamwambia hatujapoteza, tunatafuta. Aliitoa ishirini yote, akalaza thelathini na mbili, mchanga, matofali. Ndani amepitisha uzi wa nyavu kutoka mwanzo mpaka mwisho, ili siku ya kuvuta waya uwepo wa kuvutia. Waya hakuna aliyeingiza. Chenge alitaka kumalizia, Shigela akamkatalia. Amesema hiyo kazi ina mwenyewe.

Ameomba akuandikie mstari mmoja. Ni huu, kwa mkono wake:

Baba, shikamoo. Mimi nilizika wazazi wangu wote wawili nikiwa mbali, nikafika wamekwisha kufunikwa. Sitaki iwe hivyo kwa mke wangu. Shigela.

Nami nitasema langu, maana kuficha kumenishinda. Naogopa, Mjomba. Kila Nestory akinipigia simu, hata kama ni kuniambia barua imefika, moyo unasimama kabla sijapokea. Ulianguka pale kwenye ghala. Najua ulianguka. Nyumba yako iko kimya na masikio yako yako kimya, na ukianguka ndani hutasikia hata mtu akigonga mlango. Nikilala naiona nyumba hiyo, naizunguka nikigonga, na wewe umekaa ndani umenipa mgongo unakunywa chai.

Daraja la Busisi limefunguliwa. Nimevuka mara moja kwenda msibani Sengerema, na kabla sijamaliza kuwaza tulikuwa ng'ambo. Zamani tulikaa kwenye foleni ya kivuko nusu siku, mtu anapata muda wa kubadili mawazo na kurudi nyumbani. Chini yetu ziwa lilikuwa kama shuka lililotandikwa. Nililitazama nikasema, mjomba wangu hajaliona hili.

Sina la kuongeza. Sikuombi uje. Nakueleza tu bomba lilivyo.

Akinyi wako


Kahunda
31 Agosti 2025

Mwanangu Akinyi,

Marahaba, wewe na mumeo. Huku tu wazima wote. Dorotea jirani amejifungua mtoto wa kike. Upepo umekuwa wa kusini wiki nzima, na alasiri wadudu wa ziwa wanasimama juu ya maji kama moshi wa jiko kubwa ambalo hulioni. Nimekaa nikiwatazama nikiandika, kwa hiyo mistari ikipinda ujue ni macho yalikuwa kwingine.

Mwambie Shigela mstari wake nimeusoma. Mwanamume anayevunja zege lake baada ya ibada, sina la kumfundisha.

Ni kweli nilianguka. Si mara moja. Mguu wa kushoto unaondoka bila kuaga. Pale ghalani sikutaka kuinuliwa kwa sababu nilikuwa bado sijajua kama nitaweza kusimama, na sikutaka watu wawe wa kwanza kujua.

Jumamosi nilipeleka chai yangu kwa Mama Agutu kama kawaida. Nikamsomea barua yako yote, pamoja na mstari wa Shigela. Nikamweleza kuhusu bomba, kwamba limelazwa na ni tupu, lina uzi tu ndani. Kisha nikamuuliza, nifanyeje? Nikasubiri.

Akinyi, miaka yote hii nikiongea naye pale nimekuwa nikiamini anajibu, ila mimi ndiye nisiyesikia. Nililaumu masikio yangu. Nilikuwa narudi ndani nikisema, amesema kitu leo, lile jenereta ndilo limeninyima. Ilinifariji kuwa kiziwi. Jumamosi hiyo nikainama nikaweka kiganja kwenye udongo, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye mashine kujua inazunguka au imezimika. Mashine ikiwa hai mkono unajua, hata masikio yakiwa yamekufa. Nilikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Hakukuwa na kitu. Nililia kama siku ya kwanza, mwanangu, na hakuna aliyeniona ila mbuzi wa Dorotea.

Nilipomaliza, nikajikuta nimekasirika kidogo, kisha nikajikuta nina njaa. Nikaingia ndani nikala.

Kwa hiyo sikilizeni sharti langu. Nitakuja. Nitakaa katika hiyo nyumba ya dirisha la machweo nikiwa hai, nitakunywa chai yenu na kuwabishia watoto wenu. Waya nitavuta mwenyewe, na Chenge asimame upande wa pili akisukuma, taratibu, bila sabuni. Lakini nikifa msinizike Mwanza. Hata kama ni jua kali, hata kama ni gharama, hata kama watu watasema mwalimu fulani au padri fulani ana sehemu nzuri ya kuzikia karibu. Mnirudishe huku, ubavuni mwake. Dorotea amekubali kupalilia mpaka siku hiyo, nami nimemwonyesha mpaka wa sehemu yangu, nimeupanga kwa mawe.

Unaogopa kuandika kuhusu kifo changu, najua, tangu mtoto ulikuwa ukiziba masikio. Sasa utaandika. Nataka jibu kwa mkono wako, na jina la mumeo chini yake. Nikilipata nitafunga mlango nipande basi. Nisipolipata nitaelewa, wala sitakuwa na kinyongo.

Mjomba wako,
Gidion


Buhongwa
7 Septemba 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi wazima.

Siku utakapokufa tutakurudisha Kahunda, tukuzike ubavuni mwa Mama Agutu, ndani ya mawe uliyoyapanga. Nimeandika sentensi hii mara nyingi na kuchana karatasi. Hii ndiyo imebaki.

Nestory amekuwekea kiti cha mbele. Njoo.

Akinyi
Shigela